Kichwa Kilichotangulia Kupimwa

Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kuwinda, saa mbili kasorobo asubuhi, Orval Tollefsrud alimpiga kulungu dume risasi moja ya bega, kando ya shamba lake la mahindi kwenye vilima vya Wisconsin. Alimtoa matumbo palepale, akamfunga kibali cha kuwinda mguuni. Kichwa alikikata akiacha shingo kidogo, kama idara ya wanyama inavyotaka, akakitia kwenye mfuko, akajaza kadi, akakipeleka kwenye sanduku la vichwa nyuma ya duka la mbolea. Vichwa hungoja humo gari la kuvipeleka kupimwa ugonjwa wa kukonda, ule unaomla kulungu ubongo mpaka akatokwa na udenda na kubaki mbavu tupu. Majibu, wiki mbili. Kiwiliwili alikitundika bandani, shingoni akakivisha mfuko wa mkate ili damu isichafue sakafu.

Jumatatu adhuhuri, Orval akimenya viazi, kulungu, bila kichwa, alijitoa kwenye ndoano akaja kusimama barazani. Mfuko wa mkate ulikuwa ukijaa na kunywea. Orval alimfungulia mlango, maana nje kulikuwa na theluji.

Jirani yake, Duane Skaar, alipopita kuomba msumeno alimkuta kulungu kando ya jiko.

"Orval, una mgeni."

"Si mgeni. Kibali changu kiko mguuni, kasome."

"Hana adabu huyo. Kaingia na kwato zake."

"Na wewe umevua viatu?"

Duane alicheka, akavua.

Tabu ilikuwa Ijumaa, siku ya kuhama. Nyumba ilikuwa imeshauzwa, na Janelle, binti pekee wa Orval, alikuwa amemtengea babake chumba kwake, ng'ambo ya mto, kaunti ya pili. Orval alikuwa amechoka kula peke yake tangu mkewe Verna afe. Lakini kulungu alimfuata kila aendako, hata chooni akasimama mlangoni, na amri ilikuwa imebandikwa darajani: mzoga hauvuki kabla ya majibu. Nyama isiyo na mfupa ndiyo huvuka.

"Basi mchune," Duane alisema. "Kisu unacho. Au unaogopa atakung'ata?"

Orval alinoa kisu, akamshika mgongo. Kulungu alimwegemea ubavuni kwa uzito wake wote. Hakuna aliyemwegemea namna ile tangu Verna, siku zile za kungoja vipimo vya hospitali. Wiki mbili, waliambiwa. Majibu yake yalifika siku tisa baada ya mazishi, kwenye bahasha nzuri yenye nembo. Orval alirudisha kisu kwenye droo.

Ijumaa pikapu ya Janelle ilifika darajani na babake ndani. Kulungu alikuja nyuma kwa miguu. Afisa wa wanyama, Bi Kessenich, aliinua mkono.

"Mzee Tollefsrud, wewe pita. Huyo hapiti."

"Mwambie mwenyewe."

Bi Afisa alimwambia. Pikapu ilipoondoka, kulungu aliondoka nayo, na Bi Afisa akawasimamisha tena. Walijaribu mara nne.

"Mpige risasi, Bi Afisa," Janelle alisema.

"Ameshapigwa, dada. Kibali kimoja, mnyama mmoja. Nikimpiga mara ya pili, namwandika nani?"

"Huyu hakuzaliwa mgonjwa," Orval alisema. "Nyie maafisa mliwaona kulungu wakianguka mashambani miaka mingapi, mkaita mikutano? Mkanywa kahawa?"

"Mimi nilikuwa shule, Mzee. Ngoja majibu."

Orval alishuka na sanduku lake la nguo.

Wenye nyumba wapya walihamia. Hawakuwa watu wabaya. Walimwachia banda, wakamwekea na jiko dogo la kuni. Wiki mbili zikawa tano. Majibu yalikuja kwenye bahasha nzuri yenye nembo. Yalisema kichwa kimepotea njiani, na kwamba mwindaji anaombwa kwa heshima alete kichwa kingine cha mnyama yuleyule.

Orval alimsomea kulungu, mara mbili. Mfuko ulijaa, ukanywea.

Siku ya Krismasi Janelle alileta sahani ya nyama ya nguruwe na viazi, akaiweka katikati ya daraja, kwenye mstari wa rangi.

"Njoo peke yako, Baba. Hatua moja tu."

Orval alipiga hatua. Kwato zikapiga nyuma yake. Akarudi upande wake, akanyoosha mkono, akaivuta sahani.

Alikula amesimama, kulungu amemwegemea, Janelle akimtazama kutoka kaunti ya pili. Alipomaliza, Bi Kessenich, aliyekuwa zamu darajani, aliikagua sahani, akatoa mfupa mmoja, akaurudisha upande wa Orval.

"Pasaka niwaletee nini?" Janelle aliuliza.

"Chochote," Orval alisema. "Kisicho na mfupa."