Taa ya Stoo ya Viazi

Mimi sipendi kuona umeme unapotea bure. Ukoo mzima unalijua hilo, na wengine huzima taa wakisikia tu gari langu linaingia uani. Kwa hiyo Novemba ile, miezi miwili baada ya kumzika dada yangu Taimi, nilikwenda Kuhmo, kule kwenye baridi ya kaskazini, kwa mumewe, shemeji yangu Eelis, nikiwa na katoni ya balbu za LED.

"Shemeji, hizi zako za zamani zinakunywa umeme," nikamwambia.

"Zinakunywa, halafu zinanipa joto. Ukizitoa, hita ya ukutani itaongeza joto lile lile. Hapo umeokoa nini?"

"Balbu ni ya kuangaza. Ukitaka joto, oa tena."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msibani. "Haya, badilisha. Wewe na marehemu lenu moja, hamkubali kushindwa."

Nikabadilisha jikoni, chumbani, mpaka sauna, kile chumba cha kuogea mvuke. Alipotoka kupasua kuni nikaingia na kwenye stoo ya viazi, ile iliyochimbwa kwenye kilima kidogo uani. Mle balbu ya wati sitini iliwaka usiku na mchana majira yote ya baridi. Eti inaangazia viazi! Nikaitoa, nikaweka mpya, nikaiacha inawaka asije akanilalamikia. Sikumwambia.

Mle ndani mlikuwa na kreti mbili za mbegu. Mama yetu alizipata kwa mama yake, na Taimi akazirithi kwa sababu mimi, mtu wa mjini, nilisema sina shamba. Vilikuwa viazi vyembamba, vyekundu, ambavyo dukani havipo, na majirani waliokuwa navyo wamekufa au wamehama. Taimi alivivuna mwenyewe Septemba, ameketi kwenye kigoda maana miguu ilishamkataa, wiki moja kabla hajafa. Eelis alikuwa anangoja Juni tuvipande pamoja. Nasema ukweli, hakuwa na jingine la kungojea.

Januari baridi ikashuka hadi digrii thelathini na nne chini ya sifuri, ikakaa siku tisa. Nikawa nampigia simu.

"Viazi vya Taimi je?"

"Salama. Nikiwa hapa dirishani naona mwanga kwenye ufa wa mlango wa stoo. Sifungui, nisije nikaingiza baridi."

"Na mita inasemaje?"

"Mita ni ile ile, shemeji. Hita hazipumziki. Si nilikwambia?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba hajui kusoma mita. Pale pale ningeelewa kama ningekuwa msikivu. Ndani ya nyumba, joto la balbu likipungua, hita inaliziba pengo. Kule stoo hakukuwa na hita. Kulikuwa na joto la ile balbu tu, na mimi nilikuwa nimeitoa.

Februari nilikwenda kumsalimu, naye akafungua stoo nikiwa nyuma yake. Taa ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Akachukua kiazi, akakigonga kwenye kreti, kikalia kama jiwe. Akachukua cha pili, na cha tatu kutoka chini kabisa. Kisha akaishika balbu kwa kiganja kitupu, akabaki ameishika muda mrefu.

"Hii umeiweka wewe?"

"Ni mimi."

"Ungeniambia tu, shemeji. Ningeweka hita ndogo."

Afadhali angenitukana. Nilijichukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Akajaza sufuria akaenda kuvichemsha. Kiazi kikishaganda hakioti tena; kikipikwa huwa kitamu utamu mbaya, na kinalainika kama uji. Akanipakulia sahani tele, akakaa mbele yangu.

"Kula. Alivivuna yeye."

Nikala. Naye alikuwa anamenya vyake taratibu, kimoja kimoja.

"Juni usijisumbue kuja," akasema, akinisogezea siagi. "Hakuna cha kupanda."