Aurèle Atafuta wa Kumwamuru

Tangu Odile azikwe, Aurèle Cazenave hakuwa na mtu wa kumwamuru. Utasema, raha iliyoje! Miaka yote ya ndoa mwanamke yule alimwendesha kama punda wa kukodi. Vua viatu! Punguza redio! Kula, supu inapoa! Sasa nyumba imetulia tuli, viatu anaingia navyo mpaka chumbani, na supu inapoa itakavyo.

Mji mzima wa Tarbes ulimheshimu, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Muuza mikate: "Karibuni, bwana. Mngependa upi?" Daktari: "Tafadhali ketini." Wote kwa wingi, kama anavyosemeshwa kwa Kifaransa mtu usiyemzoea. Kimoyomoyo Aurèle aligeuka nyuma kuwatazama hao wenzake aliofuatana nao. Hapakuwa na mtu.

Ndiyo maana alijiunga na klabu ya petanki nyuma ya stesheni. Si kwamba aliupenda mchezo huo wa kurusha matufe ya chuma, hata kuyashika hakujua. Alipenda makelele. Wazee wale walisutana kutwa: "Tupa, we kobe!" "Toa mguu wako hapo!" "Nunua miwani, Gaston, acha kusingizia jua!" Ila zamu ya Aurèle ikifika, makelele yalikatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Tupeni, bwana, mkiwa tayari."

Siku moja walimpanga timu moja na Bérengère, mama mstaafu wa posta mwenye sauti ya kupasua vioo. Wakafungwa kumi na tatu kwa sifuri.

Klabu ikalipuka. Ukifungwa hivyo, unapiga magoti mbele ya kisanduku cha ukutani, vilango vinafunguliwa, na unabusu makalio ya Fanny, mwanamke wa plasta aliyeinama humo tangu enzi za babu zao. Hasamehewi mtu. Padri mwenyewe alibusu, tena bila kufumba macho.

"Fanny! Fanny!" Kengele ikagongwa. "Bérengère, chini! Piga magoti! Na usidonoe kama kuku, busu!"

"Nyamazeni, mbwa nyie," akajibu Bérengère, akishuka chini huku akicheka.

Aurèle akaja kusimama kando yake. Akavua kofia, akajipangusa midomo kwa leso kama bwana harusi. Sasa. Sasa hivi watamwambia.

Gaston akamgusa bega taratibu. "Ninyi msijisumbue, bwana. Tunajua mna msiba."

Watu wakainamisha vichwa. Aurèle akabaki amesimama na kofia yake mkononi. Kumbe hata kuaibishwa kuna wenyewe.

Basi akapiga magoti hivyo hivyo, bila kuambiwa. Goti bovu likalia kama bawaba. Hakucheka mtu.

"Inukeni, bwana," Gaston akanong'ona. "Tafadhali, inukeni."

Hakuinuka. Akabaki pale, uso kwa uso na makalio ya plasta, mpweke kuliko alivyowahi kuwa jikoni kwake. Akawaza atakavyotoka mbele ya watu wote hawa, na jinsi watakavyomfungulia mlango kwa adabu.

Ubavuni pake akasukumwa kwa kiwiko.

"Sogea huko," Bérengère akafoka. "Umenikalia sketi."

Aurèle akasogea, upesi, kama mtu aliyezoea.