Chupa Tatu Zenye Saini Yangu

Karatasi ya maabara niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama mlangoni pa ofisi, na mara ya tatu nikacheka kwa hasira. Kisima kirefu cha mita mia na kumi, kinachosubiriwa kulisha mji mzima, eti floraidi kiduchu, chuma ndicho kimezidi kidogo. Thubutu!

Kazi yangu ni kupima maji ya chini ya ardhi, na kisima kile nilikikalia wiki mbili. Kila mtambo ulipochimba mita moja nilipanga vifusi vya mwamba juu ya turubai, fungu kwa fungu: udongo, mchanga, halafu kuanzia mita ya themanini majivu ya volkano yaliyoganda. Humo ndimo maji yalimotoka, vuguvugu. Maji ya tabaka kama lile hubeba floraidi, na ikizidi watoto huota meno ya kahawia, wengine mifupa ikapinda. Kipimo changu cha mkononi kilisoma chumvi miligramu elfu moja mia nne kwa lita. Maabara wameandika mia tatu na kumi.

Namba hiyo naijua. Mwaka jana nilipima kisima kifupi cha uani kwa mama, kile kinachomwachia madoa ya kutu kwenye shuka zake nyeupe. Chumvi mia tatu na kumi, chuma kimezidi kidogo.

Chupa zile alizijaza kaka yangu. Yeye ndiye mchimbaji, watu wanamwita Keekee, kama chombo cha kutobolea mbao, na baba alipotukimbia ndiye aliyenibeba mabegani kunipeleka shule. Siku ya kuchukua sampuli mwanangu alilazwa hospitalini. Utaratibu wetu ni kwamba anayesaini chupa ndiye anayeijaza, basi.

"Nenda kwa mwanao, mdogo wangu," kaka aliniambia. "Kwani mimi mgeni wa chupa?"

Nikasaini lebo tatu, nikazibandika kwenye chupa tupu, nikaondoka mbio. Mjinga mimi!

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Alikuwa uani anafua, na Keekee amejinyoosha kwenye kiti anakula karanga.

"Mama, kaka alichota maji hapa?"

"Si ulimtuma wewe? Mimi ndiye niliyemshikia vifuniko. Nikamwambia subiri nisugue ndoo kwanza, ni kazi ya mwanangu hiyo."

Nikamgeukia kaka. Hakuwa na hata chembe ya aibu.

"Kisima kikikataliwa, mtambo unarudi kwa mwenyewe na mimi nakaa bure," akasema. "Ulitaka nifanyeje?"

"Na watoto wa watu?"

"Watazoea. Sisi si tuna kisima chetu?"

"Ukaona ufiche kwa jina langu."

"Jina lako wanaliamini," akanijibu, kama mtu anayenisifu.

Hapo ndipo aliponimaliza. Matusi ningeyavumilia. Nikatoa simu nikampigia mhandisi wa maji, na Keekee akasimama, karanga zikamwagika.

"We! Utafukuzwa wewe kwanza!"

"Mhandisi," nikasema, "bomba lisifunguliwe. Chupa nilizisaini zikiwa tupu. Maji yaliyopimwa si ya kisima kile."

Mhandisi akaniambia kesho asubuhi nifike ofisini kukabidhi kitambulisho changu cha kazi. Nikamwambia sawa.

Kaka alitoka bila kuaga. Alipita karibu yangu akiangalia ukuta, na mimi nikamwangalia mgongo mpaka akaishia getini, mabega yaleyale.

Mama alibaki na shuka mikononi, maji yanamchuruzikia miguuni.

"Kwa hiyo maji yangu ni mabaya, mwanangu?"

"Ni mazuri, mama. Ndiyo maana aliyaiba."