Risasi Nyepesi

…na mstari hausimami, jiwe linatoka kwa Hedwiga linaingia kwangu, mimi nalipeleka kwa fundi aliye ukingoni mwa ndiva, bwawa letu hilo limepasuka, maji ya mashamba ya kitongoji kizima yanapotelea bondeni, ndiyo maana leo ni msaragambo, kila nyumba imetoa mtu, na sisi wazee wa Bombo tumewekwa mwisho wa mstari kwenye mawe madogo kwa heshima, heshima gani, mgongo unaniua, na Muhidin anazikwa leo saa kumi huko Maore, mwanawe Hamidu alinipigia asubuhi, shikamoo baba mdogo, mzee ametutoka, nami nikamwambia Hedwiga hapahapa mstarini, akajibu bila kupunguza mkono, "Siendi, shemeji. Simziki mwoga aliyemwacha Eliamini wangu aungue"… mwoga, neno hilo nilimpa mimi, mwaka sabini na tisa, nilipomletea begi la mumewe akaniuliza kwa nini kifaru chenu hakikupiga, nikasema Muhidin ndiye alikuwa kwenye mzinga, aliganda, uongo wa pumzi moja, na tangu siku hiyo naula pamoja na makande ya Hedwiga kila Jumapili baada ya ibada…

"Pokea, shemeji, umelala?" Napokea, sitazami, ndivyo tulivyolelewa, kwenye msaragambo jiwe halitazamwi, anayelitazama analipima na anayelipima anataka kukwepa, likija jepesi unamshukuru Mungu kimoyomoyo unalipitisha, na atakayesimamisha mstari atasemwa mpaka na wajukuu… ndivyo tulivyofanya na kule Kagera, mimi na Eliamini, tukayabeba ya kwetu mpaka vitani, wapumbavu sisi, hapana, mpumbavu mimi, yeye alikuwa dereva tu… kifaru chetu cha kwanza kilikuwa na mzinga mwembamba, niliona kwa macho yangu risasi yetu ikigonga kifaru cha adui usoni ikadunda ikaenda zake, nacho kikageuza mtutu taratibu, bila haraka yoyote, kikawafumua wenzetu wa pembeni, tukawaokota kwa koleo, kwa koleo, ndipo tukaletewa vifaru vipya, mzinga mnene, risasi ndefu, nzito kama mbuzi dume, ikitoka unaisikia kwenye meno, lakini malori yaleyale yalilisha mizinga mipya na ya zamani, na asubuhi ile masanduku yalichanganyika, tukajipanga kutoka kwenye lori, mkono kwa mkono, Eliamini wa mwisho ananipa, mimi nazipanga ndani ya kifaru, na katikati mikono yangu ikahisi wepesi wa zile za mzinga mwembamba, moja, nyingine, nyingine tena, mikono ilijua, Mungu ni shahidi, mikono ilijua, nami nikashukuru kwa sababu nilikuwa nimechoka…

…mbili za kwanza zilikuwa zenyewe, ya pili ikamwingia adui shingoni, kifaru chake kikarusha kichwa juu, mtu akatoka anawaka, anakimbia huku na huku, nasi tukashangilia, tulishangilia kama mpirani, nikasukuma ya tatu, ikateleza ndani ikapwaya kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba yake, Muhidin akabonyeza, kimya, akabonyeza, kimya, "Zephania, umeweka nini?", akabonyeza tena, mwoga habonyezi mara tatu, kisha kombora la kifaru chao kingine likaja likatoboa mbele, pale pale alipokaa Eliamini, sajini aliyekuwa amechungulia nje akaniangukia mapajani, hana kichwa, damu yake ya moto ikanijaa machoni, na Eliamini mbele kule analia kwa Kipare, anamwita mama yake, sauti inakuwa nyembamba, nyembamba, na mkono wa Muhidin ukanikamata ukosi ukanivuta juu, ngozi ya vidole vyake ilibaki kwenye shati langu…

"Shemeji, polepole, utaniponda vidole." Pole, mama… alikuja hapa Bombo, Muhidin, mikono bado ina bandeji, kutoa pole, Hedwiga akamtemea mate usoni, mimi nimesimama mlangoni, akanitazama, akajifuta kwa bega, akasema poleni sana, akashuka mlima kwa miguu, na miaka yote hii nimejidanganya kwamba hakujua, eti moshi, eti kelele, wakati aliniuliza, umeweka nini, mtu haulizi hivyo asipojua, alijua pale mlangoni, alijua kila tulipokutana mnadani na watu wake wa Maore wanamwita mwoga kwa sababu maneno ya mlimani hushuka, angesema neno moja tu, hakusema, hata kwa Hamidu hakusema, asingeniita baba mdogo… nami nilidhani ninakaa salama kwa akili zangu, kumbe nilikuwa nakaa kwenye kinywa cha yule mtu, na leo kinywa kimefungwa, tangu asubuhi hakuna mtu duniani anayeninyamazia, nimebaki mimi tu, na mimi nimechoka… fundi amesema kitu, sikukisikia, Hedwiga anacheka, anacheka mpaka khanga inamlegea kichwani, uso huu ndio ulionipokea kila Jumapili, sitauona tena, saa sita sasa, nikimwambia sasa, kwa bodaboda tunawahi Maore, jiwe limeshikwa na mikono yake na yangu, silivuti, "Nini tena, shemeji?" anasema, bado anacheka, na mimi namwacha amalize.