Namna Sabuni Alivyosimama

Donatille alikuwa na kiburi kimoja tu, nacho kilikaa kwenye diski. Mtu akithubutu kusema Mpanda hakuna anayeweza kutengeneza katuni ikatoka safi kwenye deki, yeye angefunga ofisi yake pale karibu na soko, amfuate huyo mtu hadi kwake wakabishane. Mengine yote mseme tu, hakujali.

Huyo ndiye ambaye Ndaki alimjia na pikipiki mpya inayong'aa.

"Dada, nataka ng'ombe."

"Kaka, hapa siyo mnadani."

"Nataka ng'ombe wa kwenye kompyuta."

Kisa chenyewe hiki. Mama yake, Bibi Nyanzala wa kule Kasansa, alikuwa amevunjika nyonga, hatoki nje. Kundi lilikuwa limehamishiwa malisho ya mbali, na kila siku ya Mungu bibi alimuulizia Sabuni, ng'ombe wake mweupe aliyempenda kuliko hao wanawe. Na Sabuni, jamani, Ndaki alishamuuza! Ile pikipiki ndiyo Sabuni. Sasa bibi alikuwa ameapa kwamba asipomwona ng'ombe wake kufikia Jumapili, japo kwenye video, boma lote analikabidhi kwa Methusela, mdogo wake Ndaki.

Ndaki alikuwa na video ya kundi lililobaki, na picha mbili za Sabuni kwenye simu.

"Mchomeke humo," akasema. "Atembee, ale majani, alale, asimame. Basi."

Mtu mwenye akili timamu angekataa. Donatille akauliza rangi ya pembe.

Ni mtoto wa Litapunga huyu, kwao wanalima mahindi na tumbaku, na ng'ombe alimfahamu zaidi akiwa ndani ya sufuria. Lakini mkono anao. Akamchora Sabuni, akamfundisha kutembea, akamwingiza katikati ya wenzake, halafu akaiachia kompyuta ikatoa picha moja baada ya nyingine kwa siku tatu nzima, feni inalia utadhani mashine ya kusaga.

Ikaja kazi ya kuchoma diski, na hapo Ndaki akaleta ubahili. Alitaka diski ijae, kwa hiyo Sabuni akabanwa pamoja na saa nne za video za ngoma. Walipoiweka kwenye deki ya ofisini, loo! Akitulia, Sabuni alikuwa na ukungu. Akijisogeza kidogo alivunjikavunjika vipande vya mraba. Pale pa kulala na kusimama hapakuonekana hata mguu, miraba mitupu inahangaika.

"Hii ni ng'ombe au bati?" Ndaki akauliza.

Donatille akapandwa na hasira. "Diski ni gunia, kaka. Ujazo wake ni uleule. Ukishindilia vitu vingi, kila kimoja kinapondeka. Toa hizo ngoma zako, nimpe Sabuni nafasi yote."

Akazitoa. Akaiamuru kompyuta ipite video yote mara ya kwanza kwa kuikagua tu, ijue wapi pana mtikisiko mwingi, ndipo irudie mara ya pili kwa kubana, pale pa mtikisiko ipaonee huruma. Diski mpya ikatoka. Ndaki akatazama uso wa Sabuni, akaziona hadi kope, akaitoa kabla haijafika katikati. "Twende!"

Wakaenda Kasansa kwa pikipiki ileile, Donatille amempanda Sabuni bila aibu.

Bibi Nyanzala alikuwa ameegemezwa mito mbele ya televisheni. Methusela akaunga nyaya za sola, diski ikaingia. Sabuni akatokea katikati ya kundi, mweupe, anatafuna majani.

"Sabuni wangu," bibi akasema, machozi yakamtoka.

Donatille akaona haya, haya ya kweli. Lakini, Mungu amsamehe, aliona na raha pia, maana kila unywele ulisimama peke yake.

Sabuni akalala. Akacheua. Kisha akasimama: akanyoosha miguu ya mbele, akainua kifua, halafu ndiyo matako yakafuata.

Bibi akainua kichwa kwenye mito.

"Rudisha," bibi akasema.

Ikarudishwa. Ikarudishwa tena. Methusela akauma mdomo asicheke.

"Toka lini ng'ombe akatanguliza kifua?" bibi akauliza taratibu. "Ng'ombe hutanguliza matako. Huyu ni punda kapakwa chokaa."

Ndaki aliyezaliwa bomani, aliyeamkia ng'ombe maisha yake yote, akaisogelea televisheni. Ndiyo kwanza anaona. Akajikaza.

"Mayu, mama yangu, ni hii diski. Diski mbovu, imegeuza picha. Hawa watu wa mjini wanachoma ovyo ovyo..."

"Diski haina kosa!" Donatille akaruka juu kabla hajajijua. "Ovyo ovyo mimi? Nimempa gunia zima, nimempitisha mara mbili, kope zinahesabika! Diski imeonyesha nilivyomchora, vilevile!"

"Ulivyomchora," bibi akarudia.

Wee! Donatille akauziba mdomo kwa viganja vyote viwili, kazi bure.

Bibi Nyanzala akachungulia dirishani, akaitazama pikipiki muda mrefu. Akaelewa Sabuni alikokwenda. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Ndaki. Lala hapo chini."

"Mayu?"

"Lala, umwonyeshe binti wa watu ng'ombe anavyosimama. Amefanya kazi nzuri, umemwachia aibu wewe uliyekuwa unajua."

Ndaki, baba wa watoto watano, akalala sakafuni na suruali yake ya safari. Akapiga magoti ya mbele, akainua matako juu, polepole, huku Methusela amejishika mbavu na Donatille, aibu yote pembeni, amekaza macho asipitwe na hatua hata moja.

"Subiri hapohapo," bibi akasema. "Kesho pikipiki inaenda kwa aliyemnunua Sabuni, na Sabuni anarudi."

"Sawa, mayu," Ndaki akajibu, kichwa chini, matako juu. "Na boma?"

"Boma nampa Methusela. Binti, umeona vizuri, au aanze upya?"

"Aanze upya, bibi," Donatille akasema.