Nyuma ya Cheti cha Mama

Alitaka kuona nyuma ya cheti, si mbele. Hapo ndipo nilipomtilia shaka.

Tulikuwa uani kwetu Mapera, mwaka juzi, kahawa ikiwa imeanikwa vichanjani. Alisema anaitwa Cleopa, katoka Lipingo, kule ziwani, na anakusanya vyeti vya tuzo walivyopewa watoto wa shule zamani. Alikuwa navyo kumi na kimoja mfukoni, kila kimoja ndani ya nailoni. Usafi. Hesabu. Kuimba. Mtu mzima na mvi zake apande milima yote hii kwa karatasi za watoto? Nikajiambia: Emiliana, amka.

“Dada, nasikia mama yako alipata cha mwaka sabini na moja. Naomba nione nyuma tu.”

“Nyuma kuna nini, kaka?”

“Maandishi,” akasema, akatazama pembeni.

Mimi nilijua kilichopo nyuma: dole gumba la babu, kwa wino wa zambarau, alama kwamba mzazi amekiona. Na shamba letu la kahawa ni la babu huyo, marehemu, na mpaka leo halina hati. Tapeli angeshindwa nini kuhamishia kidole kile kwenye karatasi ya mauzo? Cheti kilikuwa darini, juu ya moshi wa jiko, kimefungwa pamoja na mbegu za mahindi, maana kwetu ndiko huwekwa kila kisichotakiwa kuliwa na wadudu. Nikamkazia macho.

“Panya walishakila.”

Akashukuru, akaondoka. Hakubisha hata kidogo, na hilo nalo likanitia wasiwasi.

Mama yangu, Restituta, alirudi kutoka shambani, jembe begani. Walikuwa wamepishana njiani.

“Yule nani? Anatembea kama Mwalimu Bartholomayo, bega moja chini. Maskini, alizama ziwani mkewe akiwa na mimba.”

Nikamsimulia yote, nikijisifu. Hakunigombeza. Akapanda darini mwenyewe, na miaka yake sitini na saba, akakiteremsha, akaniambia nisome nyuma kwa sauti. Tangu utotoni nilionyeshwa kidole cha babu. Maneno yaliyo juu yake sikuwahi kuyajali.

“Mzazi, binti yako alivunja dirisha la darasa. Hakuna aliyemwona. Akaja kusema mwenyewe. Mwl. Bartholomayo.”

Nikageuza mbele. Tuzo ya Ukweli. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

“Kesho utampelekea Lipingo,” Mama akasema. “Wewe, si mimi.”

Nikaenda. Lakini shaka ni ugonjwa. Kabla ya kutoka nilifunika kidole cha babu kwa kipande cha karatasi, nikakibana kwa pini.

Nilimkuta Cleopa mbele ya nyumba yake, akianua dagaa. Nikamwamkia, nikampa. Akafuta mikono kwenye suruali mara mbili kabla ya kukipokea. Pini aliiona, hakuigusa. Akapitisha ukucha juu ya mwandiko, herufi moja moja, kama mtoto anayejifunza kusoma.

“Picha ya baba hatuna,” akasema. “Nina mwandiko tu. Huu ndio mrefu kuliko yote.”

Kisha akaniangalia. “Kumbe panya hawakukila?”

“Panya nilikuwa mimi, kaka.”

Akacheka, macho yamejaa machozi, akanisogezea kigoda. Nikakaa, nikanyoosha mkono, nikachomoa pini.