Pumzi Iliyokokiwa

Jumamosi asubuhi, fundi wa bunduki za upepo alikuwa akinoa ncha ya bisibisi kwenye jiwe la mafuta ili iingie barabara katika mfuo wa skrubu moja kuukuu, wakati dada yake mkubwa alipopiga chafya katika chumba cha pili na kioo cha dirisha kikapasuka. Fundi hakuinua kichwa. Aliijaribu bisibisi kwenye skrubu, akaona bado inacheza, akairudisha jiweni.

"Ni nini hicho?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Dirisha."

"La uani au la barabarani?"

"La barabarani."

"Afadhali," mama akasema. "La uani nimelisafisha jana."

Dada alikuwa mshonaji katika kiwanda cha viatu, na alikuwa amekokiwa tangu siku kiwanda kiliposhika moto. Siku hiyo alirudi nyumbani na masizi shingoni, akavuta kiti, akaketi, na kifuani mwake ukasikika mlio mdogo wa chuma kukamata chuma. Fundi aliutambua hapo hapo, kwa kuwa ndio mlio unaomlisha: pistoni imerudi nyuma kabisa, springi imebanwa, kifyatulio kimeshika. Tangu hapo Dada alivuta pumzi kama watu wote, ila hakuitoa yote. Kila mara kiasi kidogo kilibaki. Mabega yalimpanda taratibu hata masikio yakawa yamekaa juu yake kama vikombe kabatini. Hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea ukuta. Akikohoa, vijiko viliruka. Paka alihamia kwa jirani, akawa anawasalimia kutoka dirishani. Daktari alimpima, akasema springi ni nzima ila imebanwa mno, akamwandikia vidonge vya kuongeza damu.

Ofisi ya kiwanda ilikuwa imetangaza kwamba siku ile mlango ulikuwa wazi, na kwamba washonaji walishindwa kutoka kwa sababu ya hofu zao wenyewe. Hakufa mtu, walitoka kwa kung'oa bati la paa. Dada hakuulizwa lolote, naye hakusema lolote. Kila alipofungua kinywa kulizungumza jambo hilo, sahani zilitikisika mezani, basi akakifunga.

Bunduki ya upepo haina baruti. Springi nene husukuma pistoni, pistoni husukuma hewa, nayo hewa husukuma punje ya risasi. Ikiachwa imekokiwa muda mrefu, springi huchoka au hukatika. Lakini kuna jambo baya kuliko hilo, nalo fundi alimwambia kila mteja hata wale waliokwisha kulijua: bunduki ya namna hii haifyatuliwi tupu. Bila punje ya kuizuia, hewa hukimbia yote, na pistoni hugonga ukuta wa chuma bila mto wowote. Kitako hupata ufa, springi hupinda, na mwenye mali huja karakanani akisema ilivunjika yenyewe.

Ndiyo maana fundi hakuwa radhi na shauri la Shangazi.

Shangazi alikuwa mkunga mstaafu, mwenye kiganja kipana na imani kubwa na kiganja hicho. Alifika asubuhi ile akiwa amekwisha kukunja mikono ya gauni.

"Yuko wapi mgonjwa? Nimpige mgongoni mara moja tu, itoke yote, tunywe chai."

"Shangazi, ukimpiga itafyatuka tupu."

"Nimepiga migongo ya mtaa huu mzima, na wewe ukiwemo. Ulilia vizuri sana."

"Mimi sikuwa nimekokiwa."

"Ulikuwa na uso wa zambarau, mwanangu. Usiniletee ufundi."

"Itakachokivunja ni kifua chake," fundi akasema. "Springi haina habari. Pumzi itatoka, yeye abaki na ufa."

Mama alitoka jikoni akijifuta mikono. Alimtazama binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa tahadhari, mkono mmoja kifuani, kama mtu aliyebeba karai la maji lililojaa. Alikuwa akiizuia chafya nyingine. Kikombe kilichokuwa karibu naye kilikuwa kimeanza kutembea mezani.

"Hatafika kesho hivi," mama akasema. "Fundi ajaribu kwanza. Akishindwa, wifi atapiga."

Shangazi aliketi bila kuishusha mikono ya gauni.

Fundi alikuwa na kibanio cha springi cha kununua, cha chuma kinachong'aa, kilichotoka nchi za mbali kikiwa kimefungwa kwa karatasi ya mafuta. Kilikuwa kitu cha kutazamika, na kwa bunduki hakikuwa na kasoro. Lakini alikuwa amempima dada yake kwa futi ya fundi cherehani, akaona kwamba koo la kibanio halimtoshi. Kwa hiyo alikuwa ameunda kingine kwa mbao za kitanda cha marehemu baba yao. Kilikuwa mfano wa benchi refu. Mwisho mmoja alichimba mbao iwe kama bakuli, akaitandika blanketi, ili ipokee mgongo. Mwisho wa pili aliweka nondo yenye hesi kama za skrubu, ikiwa na bakuli jingine mbele na mpini wa baiskeli nyuma wa kuizungushia. Kilikuwa kizito, kibaya cha sura, na kilinukia grisi na usingizi wa mzee.

Zana nyingine zilikuwa ukutani, kila moja kwenye msumari wake. Kulabu ya kuvutia springi ilikuwa ubavu wa mwavuli. Bati la kuingizia ngozi ya pistoni bila kuichubua lilikatwa kutoka kopo la maziwa. Meno ya jiliwa yalivikwa ngozi ya mkanda. Fundi alitungua alichokihitaji, akakipanga juu ya kitambaa, akamwita dada yake.

Alipokuwa akimkalisha, meneja wa kiwanda cha viatu aliingia. Alikuwa mteja wa siku nyingi. Jumapili alikuwa na desturi ya kulenga makopo nyuma ya nyumba yake, na alikuwa ameifuata bunduki yake.

"Ipo tayari?"

"Bado skrubu moja," fundi akasema. "Subiri kidogo, nina kazi mkononi."

Meneja aliona kazi iliyokuwa mkononi, akamsalimia Dada kwa heshima, akamwambia anamwona ameinuka mabega kidogo. Dada aliitikia kwa kichwa.

"Bwana Meneja, geukia ukutani," mama akasema, akimfunika binti yake shuka. "Hapa kuna mtu anatengenezwa."

Meneja alizigeukia zana za ukutani, mikono nyuma.

"Nitakubana kwanza," fundi akamwambia dada yake.

"Zaidi ya hivi?" Alisema polepole, na hata hivyo kalenda ilianguka.

"Zaidi ya hivi. Pini inayoishika springi haitoki ikiwa imelemewa. Lazima mzigo wake niuchukue mimi kwanza, ndipo niitoe. Ukizidiwa, nikanyage mguu."

"Nikukanyage sana?"

"Kama utakavyoona."

"Mimi ningempiga mara moja tu," Shangazi akasema, akitazama dari.

Fundi alizungusha mpini. Nondo ilisogea, bakuli likagusa kifua, likakaza. Uso wa Dada uligeuka rangi ya majivu. Mbao za kitanda zikalia. Alizidi kuzungusha, na dada yake akamkanyaga mguu kwa nguvu zake zote. Fundi alifumba macho, akasubiri mguu ule ulegee, ndipo akaongeza mzunguko mmoja mdogo, kwa kuwa hicho kidogo ndicho kilichokuwa kimebaki. Kisha akapapasa chini ya mtulinga wa kushoto, akaipata pini, akachukua chuma cha kuisukumia.

"Hiyo si sindano yangu ya kufumia?" mama akauliza.

"Ilikuwa."

"Nami nimemnunia jirani mwaka mzima."

Aliigonga pini kwa nyundo ndogo ya shaba, tik, tik, nayo ikatokea upande wa pili na kuanguka katika kifuniko cha kopo la grisi. Ilikuwa pini kama pini nyingine. Sasa hapakuwa na kitu kilichoizuia springi ile ila mpini, wala mpini ila mkono wa fundi. Shangazi aliacha kutazama dari.

Fundi akaanza kurudisha, robo kwa robo.

Kwanza ulitoka moshi, mweusi, wenye harufu ya gundi na mpira. Mama alifungua dirisha la uani. La barabarani halikuhitaji kufunguliwa. Ukafuata joto, na zana zikatoka jasho kwenye misumari yake. Kisha zikatoka sauti, kwa mpangilio uleule zilivyoingia. Zilisikika ngumi nyingi zikipiga chuma. Zilisikika sauti za wanawake, na mmojawapo alikuwa Dada, akiita kwamba mlango umefungwa, umefungwa kwa nje. Ulisikika mnyororo ukigongagonga, na kufuli likigonga pamoja nao. Baada yake, karibu kabisa, upande wa pili wa chuma, mwanamume akasema:

"Usifungue. Wakitoka kwa fujo namna hiyo wataondoka na viatu chini ya nguo."

"Mzee, kuna moshi," ikajibu sauti ya mlinzi.

"Nimeuona. Ngoja kwanza."

Fundi aliendelea kurudisha mpini. Hakuharakisha.

"Sauti yangu hiyo," meneja akasema ukutani.

"Ndiyo," mama akasema.

"Sikujua kama ni nyembamba kiasi hicho."

"Kila mtu hushangaa akijisikia," Shangazi akasema. "Usigeuke, hajafunikwa vizuri."

Meneja hakugeuka. Alisikiliza mpaka mwisho, hadi bati la paa lilipong'oka na hewa safi kuingia, hewa ambayo nayo Dada alikuwa ameiweka. Mpini ukafika mwisho wa hesi, ukazunguka bure. Springi yenyewe haikuondolewa, mtu anaihitaji. Ilikuwa imelala tu mahali pake, imenyooka.

Dada alitoa pumzi. Ilikuwa ndefu, haikuvunja chochote, na karatasi ya mafuta iliyokuwa mezani ilijikunjua polepole kama jani. Mabega yalishuka. Masikio yakaonekana, na kutoka katika mkunjo wa shingo ikaanguka hereni aliyodhani imepotelea bafuni.

"Nina njaa," akasema. Hakuna kilichoanguka. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, ili ajaribu: "Nina njaa!" Akacheka, akajinyoosha chali sakafuni, juu ya vumbi la chuma na nyuzi za msasa, na kabla mama hajamwambia kwamba gauni litachafuka, alikuwa amelala.

Mama aliketi kwenye benchi la kibanio, akavua viatu, akakitazama kifua cha binti yake kinavyopanda na kushuka. Shangazi alishusha mikono ya gauni, wa kulia, kisha wa kushoto.

"Si vibaya," akasema. "Ila umechelewesha chai."

Fundi alifunga skrubu iliyobaki kwenye bunduki ya meneja. Bisibisi ilikaa katika mfuo wake bila kucheza.

"Nimeibadilisha ngozi ya pistoni," akasema akimkabidhi. "Usiifyatue tupu."

"Siwezi. Mimi ni mtu wa tahadhari." Meneja aliipakata bunduki, akasita mlangoni. "Mlango ule hufungwa kwa utaratibu. Tangu enzi za waliotutangulia ndivyo ulivyo. Msidhani nilianza mimi."

"Tumesikia," mama akasema, bila kuyatoa macho kwa binti yake.

"Mwache apumzike. Jumatatu cherehani yake itakuwa ikimngoja."

Kabla ya jioni mtaa wote ulikuwa umekwisha kujua, kwa kuwa sauti zilitokea dirisha la barabarani. Mlinzi alipoulizwa alisema ndiyo, alikuwa yeye, na kwamba maneno yamehifadhiwa vizuri. Ofisi ya kiwanda ilitangaza tena kwamba mlango ulikuwa wazi.

Usiku ule na Jumapili nzima washonaji wenzake Dada wakawa wanakuja, mmoja mmoja, masikio yamekalia mabega. Mama aliamuru kwamba si adabu wanawake kubanwa na fundi, hivyo fundi alimfundisha dada yake. Alijifunza haraka kuliko wanafunzi wote aliopata kuwa nao. Alijua mzunguko ule mmoja wa ziada unauma vipi, naye alikuwa akiwaambia kabla. Fundi aliongeza urefu wa benchi, akatandika blanketi la pili. Kutoka kila kifua zilitoka ngumi zilezile, mnyororo uleule, sauti ileile nyembamba, na kila mara mtu fulani njiani alisema, "Meneja huyo," akapita. Washonaji waliamka kutoka sakafuni wamejaa vumbi mgongoni, wakacheka, wakaulizana kama kuna chai.

Jumatatu Dada alirudi kazini, kwa kuwa kazi ilikuwa hiyo. Waliingia wote pamoja, wakaketi kwenye cherehani zao. Mlinzi aliuvuta mlango wa chuma, akapitisha mnyororo, akafunga kufuli kwa nje kama alivyoelekezwa. Ndani, kabla ya kutia uzi, wanawake walitoa pumzi, wote kwa mara moja, ndefu na ya raha. Ilipita katika ufa wa mlango, ikampoza mlinzi shingo, na kufuli likaanza kubembea. Mlinzi alilishika kwa mkono, taratibu, ili lisiwapigie kelele.